Fimbo ya Mama Yako Imeota

Ujiji, Jumamosi, tarehe 8 Julai. Asubuhi: ukungu mzito ziwani, milima ya Kongo haionekani, baridi ya kutaka sweta. Upepo wa kusini ulianza jua lilipochomoza, ukakata kabla ya adhuhuri.

Rafiki yangu Godeliva,

Ungekuwepo ungecheka hapo juu. Ulikuwa ukiingia dukani kwangu na marobota yako ya vitenge kutoka Bujumbura, ukinikuta nimeinamia daftari, unauliza, "Zuhura, unaandika mvua? Mvua inajua kusoma?" Halafu unakaa juu ya robota lako unasubiri nimalize, kwa sababu ulijua sitakutazama mpaka nimalize. Leo ukurasa wote ni wako, pamoja na hali ya hewa.

Naanza na lililo jema, maana mengine nitakayokuandikia yanawahusu watu wa kudharauliwa. Fimbo ya mama yako imeota. Ile fimbo ambayo kaka yako Ezekieli aliichomeka upande wa kichwa kule mlimani, siku mliyomzika. Imefika begani kwangu, ina matawi, na majani yake ni mazito yenye kung'aa kama yamepakwa mawese. Nimeishika kwa mkono wangu. Kaburi lipo pale pale ulipolieleza. Mvua za misimu miwili zimelipita na hazikulibomoa.

Waliolibomoa ni rafiki zangu.

Ni wale niliosoma nao sekondari. Wewe ulikutana na mmoja tu, Tausi, siku aliyoingia dukani akavuta vitenge vyako kwa ncha ya vidole na kukuuliza kama ni orijino. Ulimjibu kwa Kirundi huku unatabasamu, akatabasamu naye, na mpaka leo sijui ulimwambia nini. Natumaini lilikuwa neno baya. Mwingine ni Bosco, aliyekuwa kiranja wetu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ukiranja uliisha. Mwingine ni Faraji mwenye bucha. Waliobaki siwataji, kwa sababu kazi yao siku nzima ilikuwa kumcheka Bosco mahali Bosco alipotaka wacheke.

Mwaka huu wameanza mchezo wa kupanda milima. Wenyewe wanasema kuhaiki. Watu waliozaliwa Kigoma hii, ambao mama zao walishuka na kuni kichwani kila jioni, sasa wanakodi gari liwapeleke mahali wakatembee. Na Bosco, kwa akili zake, amegundua namna ya kupanda mlima bila kuupanda: gari linafika juu kabisa, mwisho wa barabara, kisha watu wanateremka kidogo kwa miguu, wanakula nyama, wanapiga picha zenye ziwa nyuma yao, wanarudi garini. Wameshona fulana. Mgongoni zimeandikwa HAKUNA KURUDI NYUMA.

Bosco alipotangaza kwenye grupu kwamba safari hii watakwenda milima ya Kagunga, nilisimama kutoka kitini. Unajua kwa nini. Tangu uliponipa ule wosia nilikuwa natafuta njia. Mwanamke akienda peke yake kule karibu na mpaka huulizwa maswali mpaka jua linazama, anatoka wapi, anamfuata nani, anapeleka nini. Kundi lenye kibali cha serikali ya mtaa hupita. Basi nikaandika kwenye grupu kwamba nami nakuja. Nikaandika pia, kwa sentensi zilizonyooka, kwamba huko juu kando ya njia kuna kaburi la mama wa rafiki yangu, alifariki wakati wa wakimbizi, ni rundo la mawe lenye fimbo ya mti upande wa kichwa, na ninaomba tulitafute pamoja. Walinijibu kwa dole gumba. Mmoja aliweka uso unaolia. Tausi akauliza kama fulana zipo za kubana.

Nakuandikia haya ujue kwamba waliambiwa.

Sitasahau nilivyokukuta uwanja wa mpira ule mwezi wa Mei, wakati meli ilikuwa ikiwashusha wakimbizi wenu kutoka Kagunga usiku na mchana na mji mzima unanuka dawa ya kuulia vijidudu. Nilizunguka na kanga yangu puani nikikuita kwa jina. Ulikuwa umekaa chini, miguu imenyooka mbele, na mkononi umeshika sufuria isiyo na mfuniko. Nilidhani utaniangukia ulie. Ulisema tu, "Mama nimemwacha mlimani," kama mtu anayesema amesahau mwavuli. Ilinichukua muda kuelewa.

Ulinieleza kidogo kidogo, siku nyingine na nyingine. Kwamba ufukweni Kagunga watu walikuwa wanaharisha na kufa wakisubiri zamu ya meli, na Ezekieli akasema bora kupanda. Kwamba alimkatia mama yenu tawi bichi la mti mnaouita umuvumu, jamii ya mkuyu, awe na fimbo ya kuegemea. Kwamba mama alipanda vizuri kuliko mlivyotegemea, akiwatania walio nyuma, na mlipokaribia juu, mahali ziwa linapoonekana lote, alisema, "Ngoja nipumzike kidogo," akakaa, na hakusimama tena. Mliazima jembe kwa mtu. Ardhi ni mwamba, mkafukia palipofukika, mkamfunika kwa mawe. Kisha kila aliyepanda nyuma yenu akaweka jiwe moja akapita, watu msiowajua, wenye watoto mgongoni, na wengine waliweka jiwe bila hata kusimama. Jiwe la kwanza uliliweka wewe. Ulisema lilikuwa na mstari mweupe uliolizunguka kama utepe.

Na mwezi wa Februari, nilipopata kibali cha kuja kambini mlikohamishiwa, ukiwa umelala kwenye mkeka na miguu imevimba, ulinishika mkono ukasema maneno niliyoyaandika jioni ile ile yasinipotee. "Vingi vimepotea nikiwa nimevishika. Mama nilimwachilia mwenyewe, nikaendelea kupanda. Nenda ukamwone, mugenzi wanje, rafiki yangu. Usiende kulia. Nenda uone tu kama yupo." Nilikuambia nitakwenda. Mwezi wa Machi Ezekieli akapiga simu.

Basi leo nimekwenda.

Gari lilituacha mwisho wa barabara, baada ya mashamba ya kahawa. Fulana yao nilivaa juu ya gauni, nimeigeuza ndani nje, na Bosco alipouliza nilimwambia mshono wake ni mzuri zaidi upande huo. Yeye alikuwa na kofia yenye kamba ya kidevuni na fimbo mbili za chuma za kukunjuliwa. Mbili, Godeliva. Mama yako alipanda kutoka ziwani kwa moja ya mti, na huyu anateremka kwa mbili za chuma, na bado aliteleza. Tausi alitembea akijirekodi. Alikuwa anaiambia simu kwamba anajisikia yuko huru. Faraji alibeba nyama kwenye ndoo, na lazima niseme hakulalamika, ila alipumua kama ng'ombe wake.

Njia ni nyembamba na imejaa kokoto. Tulikuwa tunaipita kinyume chenu, kutoka juu kwenda chini. Kila nilipoona rundo la mawe niliharakisha, na kila mara lilikuwa ni mawe ya shambani tu, watu wameyatupa pembeni walime. Nikaanza kuogopa kwamba nitarudi na kukuambia sikuona, au mbaya zaidi, kwamba nitaona rundo lolote na kujidanganya kuwa ni lenyewe.

Tukakutana na mama mmoja anapandisha na mzigo wa mihogo kichwani, pekupeku. Akatusalimu kwa Kiha, "Mwakeye." Bosco, mtoto wa Kasulu, aliyenyonya maziwa ya Kiha, akamjibu, "Hai." Kisha akamwomba asimame wapige naye picha. Mama akamtazama, akatazama zile fimbo za chuma, akaniuliza mimi, "Huyu mgonjwa?" Nikamwambia amezaliwa hivyo. Wenzangu wakaendelea mbele, na hiyo ilikuwa heri, nikabaki naye. Nikamwuliza kama anajua kaburi la mama wa Kirundi, lenye mawe na fimbo.

Hakufikiri hata kidogo. "Ee, pale kwa Bibi," akasema. "Nendeni tu, kona ya pili, mtaona mti."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Wanapaita Kwa Bibi. Wanaotoka ziwani na dagaa wanapumzika Kwa Bibi. Mtu akiuliza fulani amefikia wapi, wanasema nimempita Kwa Bibi. Jina la mama yako hawalijui, wala lako, lakini uliogopa kwamba umemwacha akanyagwe kama mzigo uliomshinda mtu njiani, na kumbe wenyeji wamempa mahali pake na wanampumzikia. Nilimwuliza kama kuna anayegusa yale mawe. Akanishangaa. "Nani aguse? Sisi tunaongeza."

Nilimshukuru nikateremka karibu nikikimbia. Harufu ya moshi niliipata kabla ya kona ya kwanza. Sikuielewa. Nilifurahi hata, nikasema wameanza kupika, wamechoka, watakaa, nitapata muda wa kutosha na mama yako.

Nilipozunguka kona ya pili niliona mti kwanza. Spika ya muziki ilikuwa imetundikwa juu yake kwa kamba, inapiga. Chini, Faraji amewasha moto kwenye mafiga matatu, juu yake wavu, juu ya wavu nyama. Pembeni wamevuta mawe mengine bapa, wamekalia. Tausi alikuwa amekaa juu ya moja, mguu mmoja umekunjwa, anapigwa picha. Na katikati yao, mahali palipobaki, palikuwa na rundo lililofunuliwa ubavu, kama kitanda ambacho mtu amevuta shuka upande mmoja.

Mlima mzima ni mawe. Umeuona wewe, umeukanyaga. Ukitaka mafiga unainama popote. Wao waliyachukua yale kwa sababu tu yalikuwa yamekwisha kusogezwa pamoja na mtu mwingine. Faraji alisema hivyo mwenyewe baadaye, kwamba aliona mawe mazuri yamepangwa akadhani wachungaji wamewaachia wageni. Hebu fikiri mtu aliyekua akiamini kwamba kila kitu kilichopangwa duniani kimepangwa kwa ajili ya nyama yake. Hawakumchukia mama yako. Ningeona afadhali wangemchukia. Mtu anayekuchukia angalau amekuona.

Nilishika wavu kwa ncha za kanga yangu, nikaunyanyua na nyama yake, nikauweka kwenye nyasi. Vipande viwili vikaporomoka. Nikaenda kwenye mti nikafungua ile kamba, na spika nikaiweka chini. Sikuitupa. Nataka ujue niliiweka.

"Zuhura, nyama haijaiva," Faraji akasema.

Nikawaambia wamepika juu ya kaburi.

Hapo ndipo ungewaona. Wale waliokaa juu ya mawe waliinuka kwa pamoja, wanajipangusa makalio. Bosco akavua kofia, kisha akaivaa tena, jua kali. Akasema, "Dada, tungejua." Nikamwambia niliandika. "Wapi?" Kwenye grupu. Akatoa simu akaanza kutafuta, mlimani, mahali pasipo mtandao, anapandisha na kushusha kidole, kana kwamba akikosa ujumbe wangu basi na kaburi litakuwa halipo. Tausi ndiye aliyesema lile neno. Alisema kwa upole, wala hakukusudia ubaya, ndiyo maana siwezi kulisahau. "Lakini si ni la wakimbizi tu? Maana mimi niliogopa labda ni la mtu wa hapa."

Nilitafuta neno la kumjibu na kila nililolipata lilikuwa kubwa kuliko yeye.

Kisha Bosco akaokoa siku. Ndivyo anavyoamini, maana nilimsikia akisema garini. Alipiga makofi mawili kama tuko paredi akasema, "Jamani, tusimame dakika moja ya ukimya kuwakumbuka wahanga wote." Akaweka dakika kwenye simu. Wakasimama kwa mstari na fulana zao, HAKUNA KURUDI NYUMA, HAKUNA KURUDI NYUMA, bega kwa bega, vichwa chini, na mmoja anarekodi. Nyama inanukia kwenye nyasi. Katikati ya ukimya tumbo la mtu likanguruma. Simu ikalia mlio wa jogoo, dakika imekwisha, Bosco akasema amina na wakapumua, wamemaliza. Walidhani tumemaliza. Tausi akaniuliza kama sasa ninajisikia vizuri.

Nikawaambia mawe yanarudi.

Lakini mawe ya moto hayashikiki. Nilitawanya kuni, nikafukia makaa kwa udongo, nikakaa. Mtu akashauri tuyamwagie maji. Jiwe la moto ukilimwagia maji linapasuka, hilo hata mtoto anayebandika chai analijua, na sikuwa nimekuja huko nimpasulie mama yako nyumba. Bosco akasema dereva anasubiri. Nikasema nendeni. Akasema kibali kina majina yetu sote, akirudi na pungufu ataulizwa. Nikasema basi kaeni. Wakakaa, safari hii kwenye nyasi zenye miiba. Ni muda pekee niliofurahi leo. Watu waliokuja kuhaiki walilazimika kukaa mlimani bila muziki, bila mtandao, wanasubiri mawe ya bibi wa Kirundi yapoe. Wengine walilala. Tausi alilalamika kwamba jua linamwunguza. Nikamwonyesha kivuli pekee kilichokuwepo, cha ile fimbo ya mama yako, na hakuthubutu kukisogelea.

Wakati huo nilimsomea mama yako dua ninazozijua mimi. Zenu sizijui. Mungu atapanga mwenyewe.

Kisha nikaanza na yale waliyokalia, yaliyo baridi. Nilikuwa nayarudisha moja moja, najaribu kubahatisha lilikaa wapi kwa alama ya udongo chini yake. Faraji alinitazama kidogo, akaja, akabeba lile kubwa lililonishinda. Hakusema samahani. Alilibeba kwa kulikumbatia, akaliweka taratibu, akarudi kuchukua jingine. Nitakuwa mwongo nikikuambia nilimsamehe. Nilimwonyesha tu pa kuweka. Bosco naye alikuja na jiwe moja mkononi, dogo, la kuokota, akaliweka juu kabisa akageuka kuona kama amepigwa picha.

Yakabaki yale matatu ya moto. Yalipopoa kiasi cha kushikika kwa kanga niliyageuza, yote meusi tii upande wa ndani, mafuta yamegandia. Nikavua ile fulana nikalianza la kwanza. Nilisugua na mchanga, nikasugua na fulana. Hakuna kitu. Nikasugua la pili, jiwe kubwa lenye mabega, na masizi yakatoka kidogo kidogo, ukatokea weupe. Mwanzo nilidhani ni majivu. Nikatema mate nikasugua tena. Mstari mweupe, unazunguka, unaingia chini na kutokea upande wa pili.

Nililikalisha mapajani. Sikulia, uliniambia nisilie. Nikaufuata ule mstari kwa kidole mzunguko mzima, na Bosco akanong'ona kwamba Zuhura amepata jua kichwani.

Jiwe lako limekaa upande wa kichwa, linagusa shina la fimbo. Kama ndipo lilipokuwa, vizuri. Kama si pale, nisamehe, walioyapanga mwanzo hawakuwepo kuniongoza. Masizi hayakutoka yote. Mvua za Novemba zitamalizia. Fulana niliitia udongoni pamoja na makaa yao.

Tulirudi juu jioni inaanza. Hiyo ndiyo mara ya kwanza leo wale watu wamepanda mlima, na ungesikia kelele zao. Tausi alikaa chini mara ngapi sijui, analia kwamba miguu haina nguvu, anaomba mtu ambebee chupa ya maji. Mimi nilikuwa nyuma yao nasoma migongo. Sijawahi kumwambia mtu kwamba namdharau, nimelelewa vibaya kwa hilo, lakini nilikuwa nikiwahesabu visigino na kumfikiria mama yako, anapanda na tawi bichi huku anawatania walio nyuma. Nikajiuliza alikuwa anawaambia nini. Hukuwahi kuniambia. Sasa sina wa kumwuliza ila Ezekieli.

Mtandao uliporudi kwenye mashamba ya kahawa, simu zote zikalia pamoja. Nimeiona picha. Wamesimama kwa mstari, vichwa chini, nyuma yao ziwa, na Bosco ameandika: "Leo tumewakumbuka ndugu zetu wakimbizi. Safari yenye mafunzo." Watu wanamsifu. Mmoja amesema ana moyo wa kiongozi. Ukiitazama vizuri, pembeni kwenye nyasi, wavu wa nyama unaonekana. Nimetoka kwenye grupu. Faraji ndiye peke yake aliyenipigia, akaniuliza yule mama jina lake nani. Nikamwambia Veronika. Akasema sawa, akakata. Ataniuzia nyama kama kawaida na mimi nitanunua kama kawaida, na hatutazungumza.

Sasa lile la mwisho, ambalo nimeliweka hapa makusudi.

Kabla hatujaondoka nilikata tawi. Moja tu, la upande wa chini, unene wa kidole gumba, nikaomba ruhusa kwa mama yako kwanza. Jiwe sikuchukua, yametosha kuchukuliwa. Tawi nimelishusha limefungwa kwenye kanga iliyolowa, Tausi akauliza garini kama ni dawa. Sasa hivi limesimama kwenye ndoo ya maji jikoni kwangu. Paka amelinusa akaliacha. Ezekieli alisema mti huu hauna maringo, unachomeka tawi, unaliacha, linaota, na kule mlimani umeota kwenye mwamba mtupu bila mtu wa kuumwagilia.

Jumatatu nakwenda kuomba kibali cha kuingia kambini. Wakinipa, nitalichomeka mwenyewe kaburini kwako, upande wa kichwa, pale penye kile kibao kilichoandikwa namba badala ya jina. Wakininyima, Ezekieli atakuja mpaka kwenye uzio nimpitishie. Mama hakuweza kufika kambini nawe, wala wewe hukuweza kurudi mlimani kwake. Mti utafanya lile ambalo vibali havikufanya, na mwaka kesho mvua zikikaa vizuri nitakuja na daftari langu nikae kwenye kivuli chako, niandike mvua.

Uliniambia niende nione kama yupo. Yupo, mugenzi wanje. Ana jina la mahali na watu wanampumzikia. Pumzika na wewe.

Mimi Zuhura.

Jioni: mbingu safi, baridi, ziwa limetulia, taa za wavuvi wa dagaa zinaonekana mpaka mbali. Nimebadilisha maji ya ndoo. Nalala saa tano kasoro robo.